Mwalimu wa Gia na Lori la Udongo

Jambo lote lile liligharimu lori moja, mzigo wa ufuta na kijana mmoja. Nimelihesabu mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu, na kila nikimaliza naona kuna kitu cha nne ambacho sikipatii jina. Karanga sizitii humo. Karanga za Nachingwea zina hasara zake, na wenyewe walizihesabu huko kwao.

Mtu ninayetaka kumweleza tulimwita Mwalimu wa Gia. Jina lake nalijua, lakini kwa miaka yote ile sikusikia mtu akilitumia isipokuwa dada yake, na dada yake nitamfikia. Siku hizo Wazungu walikuwa wameshuka porini kwetu Nachingwea na matrekta kulima karanga, miti inang'olewa kwa minyororo, na pale palipokuwa njia ya tembo pakawa kambi, gereji na foleni ya watu wanaotafuta kazi. Kazi iliyotamaniwa kuliko zote ilikuwa udereva. Mshahara ulikuwa mzuri, ndiyo, lakini hasa ni ile heshima ya kukaa juu ukatazama watu utosini. Malori yenyewe yalikuwa mabaki ya vita, na ukiyakosea gia yalilia kama fisi anayetafuna mfupa. Walimu wa kuyafundisha walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa huyu, aliyejifunza keya, jeshini kwa Mwingereza, akaendesha Burma kwenye matope, akarudi na makoti mawili na sikio.

Nasema sikio kwa kuwa ndilo lililomtenga na wengine. Tulikuwa tukinywa uji kwa mama mmoja karibu na gereji, lori likisikika mbali kwenye barabara ya mashamba, yeye anaweka kikombe chini na kututajia anayeendesha ni nani, amebeba au yuko mtupu, na kama ana hasira. Siku moja akaongeza kwamba huyo ajaye amegombana na mkewe. Lori lilipofika tukamuuliza dereva. Badala ya kujibu, akatuuliza nani ametuambia.

Mguu wake wa kushoto nao ulikuwa na maisha yake. Malori yale hayakukubali klachi ya mara moja. Ulikanyaga ukaitoa gia, ukaachia, ukakanyaga tena ndipo ukaingiza nyingine. Mwalimu alikuwa amekanyaga hivyo miaka mingi mpaka mguu ukasahau kuna wakati wa kupumzika. Akikaa mkekani akisubiri ugali, mguu unakanyaga, unaachia, unakanyaga. Akisikiliza kesi kwa jumbe, unakanyaga. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayefanya jambo mara moja tu, mimi huona anabahatisha.

Hakuwa mtu mwepesi kumwelewa. Aliyewahi kuendesha lori usiku bila taa huku risasi zinapita aliogopa baiskeli. Hakupanda baiskeli hata ya kubebwa. Alisema chombo kinachoanguka kikisimama si chombo. Akipewa lifti kwenye lori, alipanda nyuma juu ya mizigo na kukaa akitazama kule anakotoka. Tulimuuliza kwa nini hakai mbele na dereva. Akasema mbele atamsikia dereva anavyokosea na hataweza kunyamaza, na kumsahihisha mtu aliyekupa lifti ni ukosefu wa adabu. Alikuwa mkali kwa wanafunzi, lakini hakumpeleka hata mmoja kwa msimamizi. Aliyemuudhi aliacha tu kumsalimia, na kuna watu wazima waliolia kwa kukosa salamu yake.

Misemo yake ilizunguka kambini kama sigara moja inayovutwa na watu wengi. "Klachi si mlango wa choo, usiibamize." "Gari halina haraka, mwenye haraka ni wewe." Na huu ambao aliurudia kuliko yote: "Usitazame mkono. Mkono una macho yake."

Sasa lori la udongo. Wanafunzi walikuwa wengi, na malori ya kufundishia yalikuwa machache, nusu yake yamelazwa gereji. Basi Mwalimu akatafuta kichuguu kikubwa nyuma ya kambi, akakikata kwa shoka na jembe mpaka kikapata kiti, na mbele ya kiti kama meza. Kwenye kiti akaweka mto uliotoka kwenye lori bovu. Kanyagio tatu akazichonga kwa mbao, akazifunga kwa mpira wa tairi ili zirudi. Kando ya kushoto, kwenye ule udongo wa mchwa mgumu kama tofali, akachimba mifereji ya gia vilevile kama zilivyokaa kwenye malori ya kambi: ya kwanza kushoto ukisukuma, ya pili kushoto ukivuta kwako, ya tatu kulia ukisukuma, ya nne kulia ukivuta. Humo akasimamisha fimbo ya mpingo. Mifereji ile ilishikwa na kusuguliwa na mikono mingi hata ikang'aa.

Lori hilo halikuwa na injini, kwa hiyo injini ilikuwa mtu. Mwanafunzi mmoja alisimama nyuma ya kiti akavuma kwa mdomo. Sauti ikipanda, wewe uliyekaa unabadili kwenda gia ya juu. Ikizama kama mtu anayebeba mzigo mlimani, unarudi chini. Mwalimu alikufunga macho kwa kitambaa. Nimemwona mzee aliyewahi kumfukuza simba kwa mkuki akitokwa jasho juu ya kichuguu kile, na lori halijaenda popote. Wanawake waliokwenda kuchota maji walisimama na ndoo kichwani wakitutazama.

"Mmefika Lindi?" mmoja akauliza.

"Bado, dada," akajibu aliyekuwa injini. "Tumepata pancha."

Mimi pia nilikaa kwenye kiti kile. Nilikuwa nachuuza sigara, sabuni na magunia matupu, nikaona dereva ndiye anayefaidi safari na mchuuzi ndiye anayeilipia. Nilikwenda siku kadhaa. Mguu ulikubali, mkono ukakataa. Nilikuwa naigusa gia, naiacha kidogo, naigusa tena. Mwalimu akanivua kitambaa machoni.

"Mchuuzi," akasema, "wewe unapatana na gia. Gia haina bei ya mwisho. Nenda kauze sabuni."

Nikaenda nikauza sabuni, na mpaka leo sijui kuendesha.

Injini bora kuliko zote pale kichuguuni ilikuwa mpwa wake. Kwetu huku mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba, na dada yake Mwalimu, aliyekuwa akilima Likunja, alimleta kijana mwenyewe kwa miguu. Alimwambia kaka yake maneno machache, nami nilikuwapo napima sabuni: huyu ni wako, mrudishe akiwa na kazi. Kijana alikuwa mpole, mwenye mikono mirefu, na alipovuma, mbuzi walipisha njia. Angeweza kuvuma lori tupu, lori lenye mzigo, lori lililoingia maji. Halafu alipokaa kitini, mkono wake ulikwenda wenyewe. Mwalimu alikuwa anawaita wengine waje watazame. Hakumsifu kwa maneno. Alisema tu, "Huyo, tazameni, hatazami."

Kuna jambo moja la madereva wa siku zile ambalo lazima niliseme, maana bila hilo huwezi kuelewa yaliyofuata. Kwenye miteremko, wengi walitoa gia, wakaiacha fri, yaani haimo popote, wakazima injini na kuliacha lori lishuke kwa uzito wake. Petroli iliyosalimika waliinyonya kwa mpira wakaiuza kwenye madebe. Bei yake naijua. Nani alinunua sitasema. Mwalimu aliwachukia watu hao kuliko wezi wa mifugo. Mlima ulioupanda kwa gia ya pili, alisema, ushuke kwa gia ya pili, injini ndiyo inayokushika kiunoni. Breki peke yake ni ahadi ya mlevi. Lori lililozimwa likishuka lilimtia wazimu kwa sababu halikuwa na sauti. Unalisikia turubai likipigapiga na mawe yakirushwa na magurudumu, basi.

Karanga ziliposhindwa kuota kama walivyotaka wenyewe, kambi ikaanza kupungua watu, na madereva wakatafuta kwa kwenda. Mpwa akaajiriwa na tajiri mmoja aliyenunua ufuta kutoka Ruangwa na kuupeleka kwa njia ya Nanganga. Tajiri alikuwa na lori jipya, la aina nyingine. Watu walilisifia taa. Ni Mwalimu aliyeuliza habari za gia, na kijana akamwambia kwamba zimekaa vingine: gia ya pili imehamia katikati, unasukuma mbele, na pale kushoto unapovuta, ambapo sisi tulifundishwa kuwa ni ya pili, wao wameweka ya kwanza. Mjomba akamwuliza kama amezizoea. Kijana akajibu kwamba amezizoea. Na kweli alizizoea, kwenye tambarare.

Mteremko ule wa kabla ya Nanganga siyo mrefu. Ukiupita leo hutaushangaa. Lori lilishuka na mzigo, likakosa kona ya chini, likaingia korongoni. Watu wa mashamba ya karibu walimtoa kijana amekwisha kufa, wakamlaza kwenye kivuli na kumfunika kanga.

Nilifika kesho yake. Katika magunia yale ya ufuta, mengine yalikuwa yangu, na nilikwenda kuyahesabu. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kuona haya, nasema ili ujue kwa nini nilikuwapo. Msimamizi wa tajiri alikuwa amesimama ukingoni na kofia yake, na Mwalimu ameletwa kwa sababu ndiye aliyemfundisha marehemu. Ufuta ulikuwa umemwagika mteremko mzima. Ukikanyaga unateleza, na ndege walikuwa wengi kiasi kwamba korongo lilisikika kama soko.

Msimamizi akamtaka Mwalimu aingie ndani ya kichwa cha lori aseme gia imekaa wapi. Akaingia. Alikaa humo muda ambao mimi niliweza kuhesabu magunia mazima na kurudia. Kutoka nilipokuwa nilimwona mgongo tu, na mkono wake wa kushoto umeinuliwa, haugusi kitu. Alipotoka, msimamizi akamuuliza.

"Iko fri," akasema Mwalimu.

"Mmesikia wenyewe," msimamizi akawaambia waliokuwapo. "Alikuwa anaiba petroli."

Mwalimu hakuongeza neno. Ilikuwa kweli, gia ilikuwa fri, na mtu akisema kweli huwezi kumwambia aseme tena. Tajiri akazuia mshahara, hakutoa hata sanda, na kuanzia siku ile mama wa marehemu akawa kule Likunja mama wa mwizi wa petroli. Watu hawakumtukana. Walipunguza tu kumwazima vitu.

Msibani, walipokwisha kuzika, dada mtu alimwita kaka yake kwa lile jina ambalo sisi hatukulitumia, akamuuliza kama mtoto alikuwa akiiba. Mwalimu akajibu kwamba kazi ya Mungu haina maswali. Dada akamtazama kidogo, akarudi kwa wanawake wenzake. Hakuuliza tena, siku ile wala mwaka ule.

Baada ya hapo Mwalimu hakugusa usukani wala hakufundisha mtu. Lori la udongo lilibaki nyuma ya kambi. Mvua haikuliangusha. Mchwa walirudi kwao, wakaanza kujaza mifereji ya gia kidogo kidogo kwa udongo mbichi, na fimbo ya mpingo ikabaki imesimama, imeshikwa kwenye gia ya pili ya zamani kana kwamba kuna aliyeiacha hapo makusudi. Wachota maji wakabadili njia. Walisema jua likiwa kali mchana wanasikia mtu anavuma lori pale, lori lenye mzigo, linapanda gia ya tatu na kukaa hapo, halirudi chini. Mimi siamini mambo hayo. Lakini nilikuwa na mteja upande ule, na nikaanza kumwambia aje yeye kwenye kiduka nilichokuwa nimefungua.

Wenye akili walisema anayevuma ni Mwalimu mwenyewe. Hilo nalithibitisha kwa masikio yangu. Alikuja kununua chumvi, akasimama kwenye foleni huku akivuma chinichini bila kujua: gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu sauti inaongezeka, inaongezeka, na anakata. Watu wa mbele yake walimpisha anunue kwanza. Alidhani ni heshima.

Mwisho akahama Nachingwea. Hakwenda Likunja kwa dada yake, kama ambavyo kaka asiye na kazi angefanya. Alikwenda kukata shamba la mihogo chini ya mteremko uleule. Madereva wa njia ya Ruangwa wakaanza kumsimulia. Lori likishuka linanguruma, anaendelea kulima. Likishuka kimya, anatupa jembe na kutoka mbio mpaka barabarani, mikono juu, akipiga kelele waingize gia. Wengine walimrushia matusi, wengine walimrushia ndizi. Wapo walioacha kuzima injini pale, siyo kwa sababu ya mafunzo yake. Walisema kumwona mzee anakukimbilia hivyo, huku macho yake hayakutazami wewe, kunamaliza faida yote ya petroli.

Mara ya mwisho kumwona, mimi nilikuwa nimekwisha kununua lori kwa ushirika na wenzangu wawili. Kumiliki lori usiloweza kuliendesha ni kama kuoa kwa barua, lakini nilikaa mbele na dereva wetu, kijana wa Masasi, nikijifanya najua. Tulishuka mteremko asubuhi, tukasimama chini kwa kuwa rejeta ilikuwa inachemka. Mwalimu akatoka shambani na kibuyu cha maji. Alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Kabla ya salamu akanionyesha dereva kwa kidevu.

"Ameshuka na gia?"

"Ameshuka na gia, Mwalimu."

Ndipo akanisalimia. Dereva akachukua kibuyu, sisi tukakaa kwenye kivuli cha gurudumu. Halafu nikaona: mguu wake wa kushoto ulikuwa umetulia. Ulikuwa umelala mavumbini kama mguu wa mtu mwingine.

"Swichi ilikuwa imewashwa," akasema.

Nikamuuliza swichi gani.

"Ya lori. Siku ile nilipoingia. Gia iko fri, ndiyo, lakini swichi imewashwa. Mwizi wa petroli anazima, Mchuuzi. Anazima kwanza. Yule hakuzima. Yule alikuwa anaitafuta ya pili." Akanyoosha mkono wa kushoto, akauvuta kwake, polepole. "Aliitafuta hapa. Hapa palikuwa na ya kwanza, na ya kwanza haiingii lori likiwa na kasi. Mkono ukiogopa unarudi kwao. Kwao ni kwangu."

Nikamwambia kwamba angeweza kulisema hilo palepale. Lilikuwa neno la kijinga, nalijua, lakini mfanyabiashara huuliza bei hata ya kitu kilichokwisha kuuzwa. Hakukasirika. Alisema alikuwa tayari kusema, mdomo ulikuwa wazi. Lakini msimamizi aliuliza gia, hakuuliza swichi, na yeye akajibu alichoulizwa. Tangu siku hiyo kila asubuhi anaongeza neno la pili, hakuna wa kumsikia.

Kisha akanionyesha nyumba yake. Nyuma ya nyumba hiyo kijana mmoja alikuwa ananawa uso kwenye beseni. Alifika Ijumaa kutoka Likunja, na kuku mmoja na mkeka. Ni mtoto wa mwisho wa dada yake. Dada hakutuma neno zaidi ya kwamba mjomba amfundishe gari.

"Hana sura ya kaka yake," Mwalimu akasema. "Ana mikono yake."

Nikafanya ninachojua kufanya, nikatafuta katikati. Nikamshauri amwambie dada yake habari ya swichi peke yake. Swichi inamsafisha marehemu, inarudisha jina, na haimgusi mtu.

"Atauliza gia ilitokaje kama hakuitoa. Dada yangu si mjinga."

"Basi mwambie lori lilikuwa la aina nyingine."

"Na ile aina ya kwanza alipewa na nani?"

Nimepatana na Wahindi, na maaskari wa ushuru, na mama mkwe wangu. Sijawahi kukosa pa kusimama kati ya bei mbili. Pale hapakuwa na mahali. Dereva wetu akafunga mfuniko wa rejeta na kusimama akisubiri, mkono mlangoni. Kijana kule nyuma ya nyumba akamwaga maji ya beseni na kuanza kuja upande wetu, akilitazama lori letu kama mtu anayetazama sahani ya wali.

Mwalimu akanishika kifundo cha mkono. Hakuwa mtu wa kushikana.

"Nikimfundisha nikiwa nimenyamaza, dada yangu ana mwana mwenye kazi na mwana mwizi. Nikienda Likunja nikasema, wanawe wote wawili watakuwa wasafi, lakini atakuwa hana kaka, na huyu hatakubali tena nimshike mkono. Wewe ulikuwapo siku ile. Ulikuwa unahesabu magunia, nakumbuka, lakini ulikuwapo." Kijana alikuwa amekaribia, Mwalimu akaiteremsha sauti. "Niambie, Mchuuzi. Nimkalishe kwanza kwenye usukani, au nianze kwenda Likunja?"